Kununua kigari cha mtoto: fremu nitakuuzia, kiti cha gari hapana

Nauza vigari vya watoto vya mtumba hapa Mwenge, Dar es Salaam. Mzigo mwingi unatoka Uingereza, mwingine Japani, na simu zinazoingia karibu zote zinauliza kitu kimoja: "Mama, seti ya tatu kwa moja ipo?" Wanamaanisha fremu yenye magurudumu ambayo juu yake unabadilisha vitu vitatu: kitanda cha kubebea kichanga, kiti cha kukalia mtoto akishajua kukaa, na kiti cha gari kinachochomolewa kwenye gari na kupachikwa juu ya fremu mtoto akiwa bado amelala. Kwenye picha inapendeza, na mama mtarajiwa hupenda kila kitu kiwe cha rangi moja.

Ninachomwambia kila anayekuja ni kwamba asiinunue seti kama kitu kimoja. Ndani yake mna vitu vitatu vyenye umri tofauti na hatari tofauti. Kitanda kinatumika miezi mitano, sita hivi. Mtoto akianza kujigeuza na kujiinua kwa mikono, kazi yake imekwisha. Kiti cha gari cha kichanga mara nyingi mwisho wake ni kilo 13, na wengi wanakizidi urefu kabla hawajafika uzito huo. Fremu na kiti cha kukalia ndivyo utakavyokaa navyo mpaka mtoto mwenyewe akatae kupanda. Kwa hiyo pesa iende kwenye fremu. Kitanda kiangalie kwa ajili ya usingizi na mgongo wa mtoto. Kiti cha gari kipime peke yake, kwa ukali kuliko vyote, hata kama umepewa bure.

Toka nje na futi

Kabla hujaja kwangu wala hujaenda Kariakoo, chukua futi utoke getini. Fremu nyingi za saizi ya kawaida zina upana unaokaribia sentimita 60 kwa nyuma. Mlango wa nyumba utapita bila taabu. Penye kazi ni kile kimlango kidogo cha geti la chuma, chembamba, na chini kina kizingiti kilichoinuka. Anayesukuma atanyanyua kigari na mtoto ndani yake kila akitoka na kila akirudi. Wenye geti la namna hiyo nawaambia waanze na uzito. Fremu ya Kiingereza pamoja na kiti chake cha kukalia inacheza kilo 11 hadi 15, na bado hujamweka mtoto. Vile vya kukunja kama mwavuli ni kilo 6 au 7. Ukiwa ghorofa ya tatu na lifti haipo, hesabu ni hiyo hiyo.

Halafu itazame njia yenyewe. Mchanga wa Mbagala na Kigamboni ni habari nyingine, mawe na milima ya Kimara na Goba ni habari nyingine, lami na peva za Masaki ni nyingine tena. Mtaro wa mbele ya nyumba unavuka kwa zege au kwa ubao? Ukitoka na mtoto unaenda wapi hasa: kliniki, sokoni, kanisani, kwa bibi? Unapanda nini kufika huko?

Na nani atasukuma? Mara nyingi anayenunua siye anayesukuma. Anayesukuma ni binti wa kazi, au bibi aliyekuja kutoka Moshi kulea mjukuu. Njoo naye. Nimeona mabinti wakionyeshwa kigari mara moja tu, mlangoni, tajiri akikimbilia kazini, na wao hawajui hata breki iko wapi. Mpini uwe kwenye usawa wa kiuno cha huyo mtu, au uwe wa kupandisha na kushusha. Mwenye mgongo unaomuuma hawezi kuinamia mpini mfupi mwezi mzima.

Magurudumu ndiyo kigari

Alikuja baba mmoja anayekaa Kibada na picha ya seti nyeupe ya ngozi kwenye simu, mpya, ya dukani, anataka yangu inayofanana nayo kwa bei ya chini. Nilikuwa nayo. Magurudumu ya mbele yalikuwa pea mbili ndogo, za plastiki ngumu. Nikamwekea mfuko wa sembe wa kilo tano kwenye kiti, nikamwomba aisukume mpaka kwenye mchanga uliomwagwa kwa ujenzi jirani yetu. Hatua ya pili pea zote mbili zikageuka ubavu na kuzama, na kiti kikainama mbele. Nikampa fremu ya pili, chakavu kidogo, tairi kubwa za upepo, na mfuko ule ule wa sembe. Ikapita. Aliondoka na ile chakavu, na mkewe akanipigia simu jioni kuuliza kama ile nyeupe bado ipo. Ndiyo biashara.

Jaribio hilo la sembe lifanye popote unaponunua, hata kwenye duka la vioo. Kigari kikiwa kitupu kinateleza vizuri, hakikwambii kitu. Weka uzito, sukuma kwa mkono mmoja, kwa sababu mkono wa pili utakuwa na simu au mwavuli. Bonyeza mpini chini uone kama magurudumu ya mbele yanainuka kwa urahisi, maana ndivyo utakavyopanda ukingo wa barabara na kuvuka mashimo. Kisha kiachie kiende chenyewe kidogo kwenye sakafu tambarare. Kikivuta upande mmoja, ekseli imepinda au beringi imekwisha.

Tairi ziko za aina tatu. Plastiki ngumu ni ya supamaketi na sakafu ya hospitali. Sponji ngumu iliyofunikwa kwa mpira haipati pancha na inavumilia peva mbovu na udongo ulioshikana. Kwa watu wengi wa mjini hiyo inatosha. Tairi la upepo ndilo linalomeza mawe na mchanga, na kichanga hatikisiki shingo. Watu wanaliogopa kwa sababu ya pancha, lakini angalia namba ubavuni. Ukikuta 12½ x 2¼, hiyo ni saizi ya baiskeli ndogo za watoto, tyubu yake ipo kwa fundi baiskeli yeyote, na valvu yake nyingi zinapokea pampu ile ile ya bodaboda. Ukikuta namba ya ajabu ambayo fundi hajawahi kuiona, jua utaagiza Ulaya.

Magurudumu ya mbele yanayozunguka yawe na kitufe cha kuyafunga yaelekee mbele tu. Kwenye mchanga na kokoto unayafunga, kwenye peva unayafungua. Mtumba mwingi kitufe hicho kimeshavunjika, kwa hiyo kijaribu kwa vidole, usiamini macho. Vya magurudumu matatu vyenye gurudumu moja kubwa la mbele ni vizuri sana kwenye njia mbovu, lakini ni virefu, na buti la gari dogo kama Passo halivipokei mpaka uchomoe gurudumu. Ndiyo maana nasema njoo na gari. Ukija na gari nitakikunja na kukiweka butini mbele yako. Ukija na maneno "buti ni kubwa tu", tutaonana tena kesho.

Vya Japani

Wajapani wana vigari vyepesi kupita kiasi, vingine havifiki hata kilo 5, kwa sababu mama wa kule anakibeba ngazi za stesheni za treni. Ni vizuri kwa anayepanda teksi na kushukia mlangoni. Magurudumu yake lakini ni madogo, ya lami, usivipeleke Kibada.

Kwenye vigari hivi tafuta lebo yenye alama ya SG, ambayo ni alama ya usalama wa bidhaa ya Japani. Maandishi ni ya Kijapani, lakini katikati utaona herufi A au B kama tunavyoziandika sisi. A ni vya kuanzia mtoto wa mwezi mmoja, vingine miezi minne, kwa kuwa mgongo unalala. B ni vya kuanzia miezi saba, mtoto aliyekwisha kukaa. Nimeshawaona wauzaji wenzangu wakimuuzia mzazi wa kichanga cha wiki mbili kigari cha B kwa kuwa ni kizuri na ni chepesi. Mtoto wa wiki mbili ukimketisha humo anajikunja kifua, kidevu kinashuka, na pumzi inabanwa.

Ambalo linanileta kwenye kitanda. Kichanga kinahitaji kulala chali, bapa, mgongo umenyooka. Fremu yenye kitanda cha kubebea ndiyo inayofaa zaidi, au kiti ambacho mgongo wake unashuka mpaka chini kabisa. Vile vya mwavuli vya bei poa vinashuka nusu tu. Hivyo subiri mtoto afike miezi sita na shingo imekaza. Kitanda cha mtumba kigeuze, ubonyeze chini yake uone kama mbao au plastiki haijapasuka, na vishikio vyake viko viwili, vimara. Godoro lijae kitanda chote bila pengo pembeni. Likikosekana usiweke mto wala kukunja blanketi. Kashonewe la saizi yake, sponji ngumu.

Ukaguzi pale pale

Nitakupa ninavyokagua mwenyewe mzigo ukishuka.

Naanza na pua. Kontena limekaa baharini wiki nyingi, na kilichoingia na unyevu kimeota ukungu ndani ya sponji. Kitambaa kinaweza kuoshwa kikang'aa, harufu ikabaki. Nafungua zipu, nanusa ndani. Kisha navuta mishono kwa kucha natafuta kunguni: vidoa vyeusi vidogo vidogo kwenye kona za kitambaa, chini ya velkro, ndani ya mikunjo ya kofia. Nikiviona kigari hakiingii dukani.

Fremu naikunja na kuikunjua. Ikifunguka lazima usikie mlio wa kufuli kukaa, na kuwe na kufuli la pili la akiba, ili la kwanza likifyatuka kigari kisijikunje na mtoto ndani. Naegemea mpini kwa uzito wangu, na mimi si mwepesi. Alumini haili kutu lakini inapasuka. Angalia pale bomba linapotobolewa kwa ajili ya riveti. Chuma kinakula kutu kwa ndani, na ukiishi karibu na bahari kitakwisha upesi zaidi.

Bawaba zichunguze kwa makini. Kigari cha kukunja kama mwavuli alikibuni Mwingereza Owen Maclaren mwaka 1965, mhandisi aliyekuwa ameshughulikia miguu ya kutua ya ndege za kivita za Spitfire. Mwaka 2009 kampuni yenye jina lake ilitoa wito wa kurekebisha vigari karibu milioni moja vilivyouzwa Marekani, kwa sababu bawaba zake zilikuwa zinakata ncha za vidole vya watoto wakati wa kukikunjua. Wateja walipewa vifuniko vya kuzivalisha. Vigari vya zama hizo bado vinazunguka kwenye mtumba. Kwa hiyo, kigari cha aina yoyote, mtoto asiwe ameshika fremu unapoikunja au kuikunjua, na jina la modeli na namba yake viandike utafute mtandaoni kama kiwanda kiliwahi kutoa wito wa namna hiyo juu yake.

Breki: uzito kwenye kiti, kigari kwenye mteremko, kanyaga, halafu sukuma. Magurudumu yote mawili ya nyuma yafungwe. Likifungwa moja kigari kinazunguka na kushuka. Mikanda iwe ya ncha tano, yaani miwili mabegani, miwili kiunoni, mmoja katikati ya miguu. Ile ya kiunoni peke yake mtoto anaiteleza akiwa na mwaka. Kufuli la mkanda lifunge kwa mlio na lisifunguke ukivuta.

Jambo dogo ambalo watu wa Dar tunalifanya sana: mfuko wa sokoni unaning'inizwa kwenye mpini. Viazi kilo tatu, ndizi, mafuta lita moja, na mtoto wa miezi mitatu mbele ana kilo tano. Mtoto akinyanyuliwa tu, kigari kinaanguka nyuma. Na kwenye kilima kinaanguka akiwemo. Mzigo unakaa kikapu cha chini, na uzito wa mwisho umeandikwa kwenye lebo ya kikapu. Mara nyingi ni kilo mbili mpaka tano tu.

Adapta

Hapa ndipo seti za mtumba zinapowaumiza watu. Kiti cha gari hakikai juu ya fremu chenyewe. Kinashikwa na vipande viwili vya plastiki, kushoto na kulia, vinaitwa adapta, na kila kampuni ina za kwake. Fremu nyingi za Ulaya zina adapta za kupokea viti vya Maxi-Cosi na wengine wanaofuata umbo lake, lakini si zote, na hata kampuni moja hubadilisha umbo kati ya modeli ya zamani na mpya. Kontena likifika, adapta huwa zimepotea njiani au zimetiwa kwenye boksi la vyuma chakavu. Muuzaji akikwambia "zipo tu madukani", mwambie akupe yeye kwanza, upachike, uvute juu kwa nguvu, ndipo ulipe. Nimeshaona kiti kimefungwa kwa kamba au kwa mkanda wa baiskeli juu ya fremu, ndugu yangu, na sitaki kuona hivyo tena.

Wenye ndugu Muscat au London wanaotaka kutuma seti mpya kama zawadi: watumie vipimo vya buti na vya geti kabla hawajanunua, na waulize adapta zimo. Zawadi ni nzuri, ila nimeshanunua seti mbili mpya kabisa kutoka kwa watu ambao hazikuingia garini.

Kiti cha gari

Sasa kwa nini sikuuzii. Seti zinapofika, viti vya gari navitoa. Mikanda yake naikata kwa mkasi, plastiki nawapa vijana wanaokusanya chupa. Inaniuma mfukoni, kwa sababu ni kitu ambacho watu wangelipia. Lakini kiti cha gari kina kazi moja tu, na kazi yenyewe inafanyika mara moja. Kikishapata ajali, ganda lake linaweza kuwa na ufa usioonekana, na sponji ya ndani imeshabonyea. Kwa nje kinabaki kizuri, cha rangi, safi. Mimi sijui kilitoka kwenye gari gani, na aliyenitumia naye hajui.

Cha mtumba chukua kwa mtu unayemfahamu: dada yako, jirani, mtu anayeweza kukutazama usoni akakwambia gari lake halijawahi kugongwa. Hata hapo, kigeuze. Chini ya ganda kuna duara dogo lililopigwa kwenye plastiki yenyewe, namba 1 mpaka 12 zimelizunguka, katikati mshale na tarakimu mbili. Mshale unaonyesha mwezi, tarakimu ni mwaka kilipotengenezwa. Viti vina mwisho wa matumizi, kulingana na kampuni miaka sita mpaka kumi hivi, na vingine vimeandikwa waziwazi. Joto la magari yetu yanayoegeshwa juani haliisaidii plastiki.

Kisha tafuta lebo ya rangi ya machungwa yenye herufi E ndani ya duara. Namba iliyo pembeni ya E ni nchi iliyokipitisha: E1 ni Ujerumani, E4 Uholanzi, E11 Uingereza. Lebo itataja kanuni ya usalama iliyofuatwa: R44/04, au R129 ambayo ndiyo mpya, ilianza mwaka 2013. Kwenye R44 unafuata kilo. Kiti cha kichanga kimeandikwa 0+ na mwisho wake ni kilo 13. Kwenye R129 unafuata urefu wa mtoto, kimepimwa na kwa kugongwa ubavuni, na mtoto anatakiwa atazame nyuma mpaka apite miezi 15. Umoja wa Ulaya ulisimamisha kuuza vipya vya R44 Septemba 2024, kwa hiyo unaweza kuvikuta kwetu kwa bei ya kutupa. Si kwamba vimeharibika, lakini usilipe bei ya kipya. Kisicho na lebo yoyote, na vya namna hiyo viko vingi vipya kwenye maboksi mazuri, kiache.

Kwa nini atazame nyuma? Kichwa cha kichanga ni kizito kwa mwili wake na shingo ni changa. Gari likifunga breki ghafla au likigonga, anayetazama mbele kichwa kinarushwa, shingo inavutwa. Anayetazama nyuma mgongo wote unapokelewa na kiti. Na kiti hiki kisikae mbele penye mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Mfuko huo unafumuka kwa kasi ya kuua na unapiga mgongo wa kiti, pale pale kilipo kichwa cha mtoto. Gari nyingi zetu kutoka Japani zina onyo lake kwenye kile kibao cha kuzuia jua upande wa abiria. Kiti kinakaa nyuma. Mama akitaka kumwona mtoto akae naye nyuma.

Kifunge mbele ya muuzaji, kwenye gari lako. Chomeka vidole kwenye mshono kati ya kiti cha nyuma na mgongo wake. Ukigusa vyuma viwili vilivyo imara, gari lina ISOFIX, yaani vyuma vya kushikia kiti cha mtoto bila mkanda wa gari, na unaweza kutumia kiti chenye kitako cha kubofya. Huna, unatumia mkanda wa gari, na hapo kuna mtego: mkanda wa vigari vidogo wakati mwingine ni mfupi, hauzunguki mgongo wa kiti cha kichanga na kurudi kwenye kufuli. Upitishe pale penye alama za bluu, ndizo za kiti kinachotazama nyuma. Ukimaliza, kishike kiti pale mkanda unapopita, kitikise. Kisicheze zaidi ya sentimita mbili tatu. Mikanda ya mtoto mwenyewe itoke kwenye matundu yaliyo usawa wa mabega au chini yake kidogo, ikazwe mpaka usiweze kuifinya ikakunjika kati ya vidole viwili begani. Nguo nene na blanketi vinawekwa juu ya mkanda, kamwe si chini yake.

Kwenye bajaji na daladala hakuna cha kukifungia. Ukikiweka kiti mapajani unabeba plastiki tu.

Na huo uzuri wa seti, kumhamisha mtoto kutoka gari mpaka fremu akiwa amelala, una mpaka wake. Kiti cha gari kimejikunja kwa ajili ya ajali, si kwa ajili ya usingizi. Washauri wa usalama Uingereza husema isizidi saa mbili kwa mkupuo, na wiki za mwanzo nusu saa. Ukifika kwa bibi, mtoto atolewe alazwe bapa. Usimwache humo kwa kuwa kalala vizuri.

Jua letu

Vigari vingi vimetengenezwa kwa watu wanaolia baridi. Kitambaa cheusi kilichojaa sponji, kifuniko cha miguu chenye manyoya, vyote hivyo vitoe. Tafuta kofia kubwa inayoshuka mpaka chini na yenye dirisha la wavu kwa nyuma, hewa ipite. Kabla ya kumweka mtoto gusa kufuli la mkanda na vyuma, vikiwa juani vinachoma. Kufunika kigari kwa kanga ili jua lisimpige ni desturi ya mapenzi lakini ndani hewa haizunguki, joto linapanda haraka hata kwa kanga nyepesi. Sogea kivulini, au tumia mwavuli. Kifuniko cha mvua cha nailoni kiondoke mvua ikikatika. Mtoto mguse shingoni kwa nyuma. Akiwa na jasho, ana joto. Chandarua cha kigari kipo, cha mpira pembeni, kinunue hata kama huna kingine cha ziada.

Kama hutakihitaji

Wapo ninaowarudisha nyumbani. Ukipanda daladala asubuhi kwenda Mnazi Mmoja, kigari ni adui yako na ya kondakta. Mbeleko inakupeleka kokote, mikono yako huru, na kwenye mwendokasi la saa kumi na mbili hakuna fremu itakayopita mlangoni. Kwa mtu wa namna hiyo nasema chukua mbeleko sasa, na mtoto akifika miezi sita njoo uchukue cha mwavuli cha kutembelea mtaani jioni. Pesa inayobaki, ukipanda gari la ndugu au teksi mara kwa mara, nunua kiti cha gari kipya chenye lebo, kinachofungwa kwa mkanda. Hakuna sheria inayosema kiti na fremu vitoke boksi moja.

Ukishanunua

Kitambaa chote kinachotoka kitoe, ufue kwa maji ya moto kadiri lebo inavyoruhusu, uanike juani siku kavu mpaka kikauke ndani. Mchanga ndio unaoua vigari vya Dar. Chomoa magurudumu, futa ekseli, weka kilainishi cha silikoni kidogo. Mafuta ya kupikia na grisi nzito usiweke, yanashika mchanga na kugeuka tope. Nati zikaze mara kwa mara, hasa za mpini.

Adapta, kifuniko cha mvua, chandarua, skrubu za akiba na kitabu cha maelekezo viweke kwenye mfuko mmoja, uufunge kwenye fremu yenyewe. Siku ukija kuniuzia, kigari chenye mfuko huo nakinunua bei tofauti kabisa na kisicho nao.